Nani Aruhusiwe Kusema "Mimi"? Jinsia na Watu wa Pembeni katika Sinema ya Ukaidi ya Japani

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la ufupisho. Badala ya kuwasomea hadithi kutoka kitabuni, niliwasimulia kwa Kiswahili filamu moja ya Kijapani ya mwaka 1969, kisha nikawataka waandike walichosikia kwa maneno mia mbili. Mhusika mkuu anaitwa Eddie. Nikawaambia kwamba Eddie aliamka, akajitazama kwenye kioo, akajipaka wanja, akaenda kazini kwenye baa, akapendwa na mwenye baa, akachukiwa na mpinzani wake. Nilipofika katikati, mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma akanyosha mkono: "Samahani mwalimu, huyo Eddie ni mwanamume au ni mwanamke?" Darasa likacheka. Nami ndipo nikagundua kwamba nilikuwa nimekwisha kusimulia nusu ya filamu bila kulijibu swali hilo, na bila hata kukusudia kulikwepa.

Kiswahili ndicho kilichonisitiri. Kiambishi a- cha nafsi ya tatu kinatutajia mtu, basi. Kinyarwanda nacho kina tabia hiyohiyo, ndiyo maana darasa zima halikushtuka mapema. Laiti ningekuwa nasimulia kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, ningelazimika kuchagua jinsia tangu sentensi ya kwanza, na kuchagua huko kungekuwa tayari ni hukumu. Lakini tusijisifu haraka. Nilipotaka kueleza kwamba Eddie na yule mwenye baa waliishi pamoja, ulimi wangu ulikwama: nani kaoa na nani kaolewa? Lugha yetu haiulizi jinsia katika kutembea, kula wala kulia. Huiuliza mlangoni pa ndoa.

Makala haya yametokana na swali la mwanafunzi yule. Nakusudia kueleza, kwa kifupi, historia ya ile sinema ya Japani ambayo hapa nitaiita sinema ya ukaidi, yaani filamu zilizovunja miiko ya jamii kwa makusudi, nyingi zikiwa za miaka ya 1960 na 1970. Kwa kawaida filamu hizi husimuliwa kama historia ya ujasiri wa macho: nani alithubutu kuonyesha nini. Mimi naona jambo lililogombewa hasa lilikuwa jingine, nalo ni la watu wa lugha zaidi kuliko la watu wa picha. Lilikuwa ni nani aruhusiwe kusimama mbele ya kamera na kusema "mimi" kwa niaba yake mwenyewe. (Majina ya Wajapani nimeyaandika kama wao wafanyavyo, jina la ukoo likitangulia.)

Wanaume waliokuwa wanawake kwa amri

Msomaji anayedhani kwamba mwanamume aliyevaa kimono cha kike ni kitu cha kushtua nchini Japani, inafaa arudi nyuma kidogo. Tamthilia ya kabuki ilianzishwa na mwanamke, mchezaji ngoma aitwaye Okuni, huko Kyoto mwaka 1603. Mwaka 1629 serikali ya ma-shogun ikawapiga marufuku wanawake jukwaani kwa hoja ya kulinda maadili. Nafasi zao zikachukuliwa na vijana wa kiume, nao wakapigwa marufuku mwaka 1652 kwa hoja hiyohiyo. Waliobaki ni wanaume watu wazima, na baadhi yao wakabobea katika kuigiza wanawake. Hao ndio walioitwa onnagata, au oyama. Wengine waliishi kike hata nje ya jukwaa, kwa imani kwamba asiyeishi kike hawezi kuigiza kike. Wanawake wa mijini walijifunza kwao mitindo ya mavazi na ya kuchana nywele! Yaani kwa zaidi ya karne mbili na nusu, mwanamume kuvaa kike jukwaani ilikuwa ndiyo sheria, na mwanamke kuigiza mwanamke ndio uliokuwa uhalifu.

Sinema ilipoingia Japani mwishoni mwa karne ya 19 ilirithi utaratibu huo pamoja na viti vyake. Wanawake wa kwenye filamu za mwanzo walikuwa oyama. Zaidi ya hayo, filamu zilikuwa hazina sauti, na kando ya pazia alisimama benshi, msimulizi aliyewasemea wahusika wote, wake kwa waume. Wasomaji wetu wa Kigali na Butare hawahitaji maelezo marefu hapa, kwani wamekua na filamu za agasobanuye, ambamo mtu mmoja mwenye kipaji hukufasiria filamu nzima kwa Kinyarwanda, akimsemea shujaa, adui na bibi harusi kwa koo lilelile moja. Tofauti ni kwamba benshi alikuwa nyota aliyeandikwa kwenye mabango, na mara nyingi watu walikwenda kumsikiliza yeye kuliko kuitazama filamu yenyewe. Kwa hiyo, katika sinema ya mwanzo ya Japani mwanamke hakuwa na mwili wake wala sauti yake. Vyote viwili vilikuwa vya kuazima.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1919, ilipotolewa filamu ya Kaeriyama Norimasa, Sei no kagayaki, ambamo mwigizaji Hanayagi Harumi, mwanamke, aliigiza mwanamke. Mageuzi hayakupokelewa kwa vigelegele na kila mtu. Mwaka 1922 oyama wa studio ya Nikkatsu, wakiona ajira yao inatoweka, waliondoka kwa pamoja. Mwaka uliofuata tetemeko kubwa la Kanto likabomoa Tokyo na studio zake, na sinema iliyojengwa upya haikuwa tena na nafasi ya oyama. Mmoja wa waigizaji hao, Kinugasa Teinosuke, aligeukia uongozaji. Huyu ndiye aliyeongoza Kurutta ippeji mwaka 1926, filamu ya ajabu inayotokea katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na ndiye ambaye Jigokumon yake ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1954. Mtu aliyeanza kazi kama "mwanamke" wa filamu akawa miongoni mwa waongozaji wakubwa wa nchi yake.

Kinugasa hakuusahau ulimwengu alikotoka. Mwaka 1935 alitengeneza Yukinojo henge, kisa cha onnagata anayelipiza kisasi cha wazazi wake huku akiwa amevaa kike muda wote. Mwigizaji wake mkuu alikuwa Hasegawa Kazuo, wakati huo akiitwa Hayashi Chojiro. Mwaka 1963 Ichikawa Kon aliirudia filamu hiyo na Hasegawa yuleyule, sasa akikaribia umri wa miaka 55, na akaiita filamu ya 300 ya mwigizaji huyo. Ndani yake Yukinojo, akiwa katika mavazi na sauti ya kike, anapendwa na wanawake wawili, na Hasegawa huyohuyo anaigiza pia mwizi mwanamume kabisa anayemtazama Yukinojo kwa mshangao. Filamu hii ilitolewa na studio kubwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Kila mtu alijua kwamba hayo ni maigizo, na kujua huko ndiko kulikokuwa kibali.

Mwaka 1968 studio nyingine kubwa, Shochiku, ilitoa Kurotokage, maana yake "Mjusi Mweusi", iliyoongozwa na Fukasaku Kinji kutokana na tamthilia ya Mishima Yukio. Jambazi mkuu, mwanamke mrembo anayeiba vito na watu wazuri, aliigizwa na mwimbaji Maruyama Akihiro, aliyejulikana baadaye kwa jina la Miwa Akihiro. Huyu alizaliwa Nagasaki mwaka 1935 na alinusurika bomu la atomiki akiwa mtoto wa miaka kumi. Hakuwa mtu wa kuficha kwamba aliwapenda wanaume, na jambo hilo lilimgharimu katika kazi yake ya uimbaji. Hata hivyo, ndani ya Kurotokage yeye ni mwanamke tu. Hakuna mhusika anayeuliza, hakuna anayeshangaa. Kibali cha kabuki bado kilikuwa kinafanya kazi.

Eddie anaulizwa maswali

Sasa turudi kwa Eddie. Filamu niliyowasimulia wanafunzi ni Bara no soretsu, yaani "Maandamano ya Mazishi ya Waridi", ya Matsumoto Toshio (1932–2017). Haikutoka katika studio kubwa. Ilisambazwa na Art Theatre Guild, kampuni ndogo iliyoanza mwaka 1961 kwa kuonyesha filamu za nje, kisha mwaka 1967 ikaanza kushirikiana na waongozaji kutengeneza filamu za gharama ya chini, takriban yeni milioni 10, nusu ikitolewa na kampuni na nusu na upande wa mwongozaji. Uchache wa fedha ulikuwa na faida yake, kwani hapakuwa na bosi wa kuogopa hasara.

Eddie anaigizwa na Ikehata Shinnosuke, ajulikanaye kwa jina la Peter, ambaye hakuwa amewahi kucheza filamu. Wengi wa wenzake pia walitoka katika baa halisi za Tokyo, wakiwa wale walioitwa gei boi, yaani wanaume waliofanya kazi katika baa hizo, wengi wao wakiwa wamevaa kike. Kisa chenyewe ni cha Kigiriki kilichopinduliwa. Wengi wetu tulimsoma Edipode katika tafsiri ya Samuel Mushi, Mfalme Edipode, iliyotoka mwaka 1971: mtu aliyemuua baba yake na kumwoa mama yake pasipo kujua. Matsumoto aligeuza. Eddie alimuua mama yake, na mwenye baa anayeishi naye anatambulika mwishoni kuwa ni baba yake aliyepotea. Yaliyobaki mnayajua, macho yanatobolewa. Eddie anatoka nje akipapasa mpaka mtaani, na umati unasimama kumkodolea macho.

Kama filamu ingekuwa ni kisa hicho tu, ingekuwa Kurotokage ya watu maskini. Jambo jipya ni kwamba kila mara kisa kinapopamba moto, Matsumoto anakikata. Taa zinaonekana, kamera zinaonekana, na waigizaji wanaulizwa maswali mafupi wakiwa wao wenyewe: kwa nini umechagua maisha haya, unayapenda, unawaza nini kuhusu kesho? Wanajibu kwa ufupi, wengine wakicheka, wengine wakikwepa. Peter naye anaulizwa anavyomwona Eddie. Kuna kipande kingine cha kuchekesha ambamo Eddie na rafiki zake wawili, wametoka madukani na magauni yao, wanaingia choo cha wanaume na kusimama katika mstari kama wanaume wengine. Hakuna anayesema neno.

Hapa ndipo ukaidi ulipo. Gauni si kitu. Japani iliona magauni ya namna hiyo kwa miaka mia tatu. Onnagata alikuwa na ruhusa kwa sababu mwisho wa mchezo aliinama, akashangiliwa, akarudi kuwa msanii anayeheshimika. Watu wa Matsumoto wanaambiwa "kata!", mchezo unasimama, na bado ni walewale. Nadhani ni hilo lililowatia watazamaji wa mwaka 1969 wasiwasi kuliko damu yote ya mwishoni.

Kwa mwalimu wa lugha kuna ladha ya ziada. Kitenzi cha Kijapani hakina hata kile kiambishi chetu cha nafsi. Mtu anaweza kusimulia ukurasa mzima bila kumtaja mtendaji. Lakini mtu akitaka kujitaja, atakuta maneno mengi ya "mimi" yakimsubiri, na mengi yameshikana na jinsia: ore na boku ni ya wanaume, atashi ni la wanawake, watashi ni la heshima kwa wote. Hata vijineno vya mwisho wa sentensi vina upande wake. Kwa hiyo Mjapani hufichua jinsia yake pale hasa anapojitaja mwenyewe, wakati Mfaransa huifichua anapotajwa na wengine. Mtu wa baa akibadili neno la "mimi" anapopokea mteja, tayari amekwisha kufanya jambo ambalo Kiswahili hakina namna ya kulitafsiri ila kwa maelezo ya pembeni.

Mkorea, mlemavu, na kamera isiyotulia

Swali la nani aseme "mimi" halikuwahusu watu wa baa peke yao. Mwaka 1968, kwa kushirikiana na kampuni hiyohiyo, Oshima Nagisa (1932–2013) alitoa Koshikei, yaani "Kifo kwa Kunyongwa". Chanzo chake ni kesi ya kweli ya Ri Chin'u, kijana wa Kikorea aliyezaliwa Japani, aliyewaua wanawake wawili mwaka 1958 na kunyongwa mwaka 1962. Ieleweke kwamba Japani iliitawala Korea kuanzia 1910 hadi 1945, ikawaleta Wakorea wengi kufanya kazi, kisha mwaka 1952 ikawavua uraia wale waliobaki. Wengi walitumia majina ya Kijapani ili wapate kazi na nyumba. Ri mwenyewe alikuwa na jina la namna hiyo.

Katika filamu, mhusika aitwaye R, anayeigizwa na Mkorea wa Japani aitwaye Yun Yun-do, ananyongwa lakini hafi. Anazinduka akiwa hajikumbuki. Sheria haimruhusu kunyongwa tena mpaka ajitambue kuwa ni mkosaji, hivyo wakuu wa gereza, kwa jitihada inayochekesha na kutisha, wanaanza kumwigizia maisha yake: umaskini wa nyumbani, ugomvi wa wazazi, na hatimaye namna "Mkorea anavyokuwa". R anawatazama kwa upole na kuwauliza hicho kitu Mkorea ni nini. Sijaona somo bora zaidi juu ya utambulisho unaotengenezwa na wengine. Ila kuna ufa. Mwanamke wa Kikorea anayejitokeza na kujiita dada yake R, akiwa katika vazi la kwao, anaigizwa na Koyama Akiko, Mjapani, mke wa Oshima. Na wale wanawake waliouawa katika kesi hiyo hawana nafasi ya kusema lolote. Mwanamume wa pembeni alipewa nafsi ya kwanza. Mwanamke wa pembeni aliendelea kuwa mfano wa jambo fulani.

Miaka minne baadaye Hara Kazuo, aliyekuwa na umri usiozidi miaka 27, alitoa filamu yake ya kwanza, Sayonara CP (1972), kuhusu watu wenye mtindio wa ubongo wa mkoa wa Kanagawa, wanachama wa chama cha Aoi Shiba. Ili kuielewa lazima ujue kisa cha mwaka 1970 mjini Yokohama. Mama mmoja alimuua mtoto wake mwenye mtindio wa ubongo, na majirani wakakusanya saini ili ahurumiwe. Watu wa Aoi Shiba walikuja juu, wakauliza: huruma hiyo ni kwa nani, na aliyeuawa alikuwa nani? Katika filamu, Yokota Hiroshi, mshairi na mmoja wa viongozi wa chama hicho, anaacha kiti chake cha magurudumu na kuvuka barabara kwa magoti huku magari yakisubiri. Maneno ya wahusika ni magumu kuyafahamu, na Hara alikataa kuweka maandishi chini ya picha. Mtazamaji anataka kusaidiwa, hasaidiwi. Atege sikio, ashindwe, atege tena. Kwetu sisi tunaofundisha kusikiliza, zoezi hilo ni zito kuliko kanda yoyote ya maabara ya lugha.

Lakini ndani ya nyumba ya Yokota, mke wake, naye mlemavu, anapinga. Hataki mumewe aonyeshwe hivyo, anataka kazi isimamishwe. Kamera haikusimama. Kila nikikumbuka kipande hicho nasita. Hara aliamini kwamba aibu ndiyo adui, na pengine alikuwa na haki, ila "mimi" wa mume alipatikana kwa kuikanyaga "sitaki" ya mke.

Labda ndiyo maana filamu yake iliyofuata ni ya mwanamke aliyemshinda. Gokushiteki erosu: Renka 1974 inamfuata Takeda Miyuki, aliyewahi kuishi na Hara na kuzaa naye, ambaye alihamia Okinawa, visiwa vilivyokuwa chini ya Marekani hadi Mei 1972. Hara anakwenda na kamera kwa sababu, kama anavyokiri mwenyewe, hakujua njia nyingine ya kubaki karibu naye. Takeda anaishi na mwanamke mwenzake, anagombana, anapata mimba ya askari mweusi wa Kimarekani, anamsema Hara mbele ya kamera bila kumhurumia. Kisha anakwenda Tokyo na kujifungua katika chumba cha Hara, peke yake, sakafuni, bila mkunga. Anayeshika kinasa sauti ni Kobayashi Sachiko, mwenzi mpya wa Hara. Na picha ya dakika zile, ambazo kila mtu angetaka ziwe wazi, haiko wazi: Hara alikuwa ametishika kiasi cha kusahau kurekebisha lenzi. Tunaona ukungu tu, na katikati ya ukungu tunaisikia sauti ya Takeda ikieleza kwa utulivu kinachotokea. Mtoto yule, msichana mwenye damu ya Kiafrika na ya Kijapani, anaingia duniani huku mwongozaji akiwa haoni na mama akiwa ndiye msimulizi. Katika filamu zote ninazozitaja hapa, hii ndiyo dakika ninayoipenda kuliko zote.

Bei waliyolipa wanawake

Kuna upande wa ukaidi huu ambao mashabiki wake huupitia mbio. Mwaka 1962 ilitolewa Nikutai no ichiba, "Soko la Miili", ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza katika mkondo wa filamu za bei rahisi za mapenzi ziitwazo pinku. Waongozaji wa kiume walisema wanavunja unafiki wa jamii, na wengine walisema kweli. Ila kitu walichovunjia kilikuwa mara nyingi mwili wa mwanamke. Oshima alipotengeneza Ai no korida mwaka 1976, juu ya kisa cha Abe Sada cha mwaka 1936, ilibidi filamu isiyosafishwa isafirishwe hadi Ufaransa kukwepa sheria za Japani. Kitabu cha mswada na picha zake kilipelekwa mahakamani. Akashinda mwaka 1979 na tena katika rufaa mwaka 1982. Mwaka 1978 alikuwa amekwisha kupata tuzo ya mwongozaji bora huko Cannes kwa filamu iliyofuata, na Fuji Tatsuya, mwigizaji mkuu wa kiume, alikuwa ndani yake. Matsuda Eiko, mwigizaji mkuu wa kike, aliandamwa na matusi, kazi yake ikafifia, akaishia kuondoka nchini. Filamu moja, kitanda kimoja, bei mbili.

Walioshika kamera walikuwa wachache mno. Sakane Tazuko aliongoza filamu mwaka 1936, wa kwanza miongoni mwa wanawake. Baada ya vita hakuruhusiwa tena kuongoza, akarudishwa kwenye kazi ya kuandika kumbukumbu za upigaji picha. Tanaka Kinuyo, nyota mkubwa wa uigizaji, aliongoza filamu sita kati ya 1953 na 1962. Ya mwaka 1955, Chibusa yo eien nare, inamhusu mshairi Nakajo Fumiko aliyefariki kwa saratani ya matiti mwaka 1954. Ndani yake mwanamke aliyekatwa matiti anaoga na kumtaka rafiki yake amtazame. Hakuna kelele, hakuna kesi, lakini nauliza ni nani kati ya wakaidi wa miaka ya 1960 aliyethubutu zaidi ya hapo.

Na yuko Hamano Sachi, aliyezaliwa 1948. Alitaka kuongoza filamu, akakuta studio kubwa zinachukua wanaume waliomaliza chuo kikuu. Mlango uliokuwa wazi ni wa pinku, akaingia huko, akatengeneza filamu zaidi ya 300, akijaribu kuweka mbele matakwa ya mwanamke badala ya yale ya mtazamaji. Katika miaka ya 1990, kwenye tamasha la filamu za wanawake mjini Tokyo, akasikia ikitangazwa kwamba mwongozaji wa kike mwenye filamu nyingi kuliko wote nchini ni Tanaka Kinuyo, kwa filamu zake sita. Mia tatu za Hamano hazikuwapo duniani. Alikasirika, na hasira hiyo ilizaa matunda. Mwaka 1998 alitoa filamu juu ya mwandishi Ozaki Midori, na mwaka 2001 Yuri-sai, inayohusu mapenzi ya wanawake wazee, vikongwe wa nyumba moja ya kupanga wanaokataa kuambiwa kwamba moyo wao umestaafu.

Mzunguko huu haujafungwa. Mwaka 2017, mwaka uleule ambao Bara no soretsu ilisafishwa upya na kurudi katika kumbi za sinema, Ogigami Naoko alitoa filamu kuhusu mwanamke aliyezaliwa na kuandikishwa kuwa mwanamume, ikapata tuzo huko Berlin. Mwaka 2020 ikafuata Midnaito suwan, nayo ikashinda tuzo ya filamu bora ya Akademi ya Japani mwaka 2021. Katika zote mbili mhusika huyo aliigizwa na mwanamume mashuhuri, Ikuta Toma katika ya kwanza na Kusanagi Tsuyoshi katika ya pili. Kusanagi alifanya kazi nzuri. Akapewa tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwa kumwigiza mwanamke. Oyama wa Nikkatsu walioondoka mwaka 1922 wangecheka sana. Mwaka huohuo wa 2021 ilitoka pia filamu fupi ya nusu saa na ushei, Katasode no sakana, ya Shoji Tsuyoshi, ambamo nafasi kama hiyo ilichezwa na Ishizuka Yu, ambaye maisha hayo ni yake, naye alipatikana kwa usaili uliowaalika watu wa namna hiyo waziwazi.

Peter, kwa upande wake, hakubaki Eddie daima. Mwaka 1985 Kurosawa Akira alimpa nafasi ya chale wa mfalme katika Ran, kisa kilichotokana na Mfalme Lear, na huko ndiko walimu wengi wa fasihi walikomwona bila kumjua.

Nilisahihisha madaftari ya zoezi lile wiki iliyofuata. Wanafunzi wengi waliandika "Eddie, ambaye ni mwanamume", wachache "Eddie, ambaye ni mwanamke", na mmoja akaandika vyote viwili, kimoja mwanzoni na kingine mwishoni. Yule aliyeuliza swali alikuwa ameandika ufupisho wake wote katika nafsi ya kwanza: niliamka, nikajitazama, nikatoka nje. Maneno yalizidi mia mbili, na kanuni za ufupisho haziruhusu kubadili nafsi. Nilimpa alama saba kati ya kumi, naye amekuja ofisini mara mbili kudai nyingine.